Kama Hulali Vizuri, Ujue Kwanza Unaumwa Nini

IFIKAPO saa 8 usiku nyumba nyingi za Mkoa wa Mara zimekwisha kufunga milango na kuzima taa, lakini si watu wote waliolala. Ziwani, mbele ya mji wa Musoma, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji kama mji mwingine. Katika barabara kuu ipitayo Bunda, malori yanapishana kwenda Mwanza na Sirari. Kandokando ya Hifadhi ya Serengeti wakulima wanakesha na tochi na madebe, wakilinda mahindi yao yasiliwe na tembo. Na huko Butiama yuko mama aliyejilaza tangu saa 4, macho makavu, akihesabu karo ya watoto na bei ya mbolea.

Kutakapopambazuka wote hao watasema neno moja: “Sikulala.” Neno ni moja, lakini maradhi yaliyojificha nyuma yake ni mengi, na kila moja lina sababu yake na dawa yake. Mmoja amenyimwa usingizi na kazi, mwingine na mawazo, mwingine na koo lake mwenyewe linaloziba akilala, na mwingine na mdudu aliye katika damu yake. Atakayewapa wote hao kidonge kimoja cha usingizi atamsaidia mmoja kwa usiku mmoja, na pengine atamwua mwingine. Makala haya yanakusudia kukusaidia wewe na jamaa yako kutambua tatizo lenu liko upande gani kabla hamjakimbilia duka la dawa.

KAZI YA USIKU YA MWILI

Wako watu wanaodhani kwamba mtu akilala mwili wake umesimama kama mashine iliyozimwa. Sivyo. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walieleza kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huko chini ya kope, na kwamba hivyo ndivyo vipindi vya ndoto. Tangu hapo imefahamika kuwa usingizi huenda kwa duru. Mtu huanza na usingizi mwepesi, akazama katika usingizi mzito, kisha akapanda kwenye ndoto, na duru hiyo huchukua kiasi cha dakika 90. Kwa usiku mmoja mtu mzima hupitia duru 4 hadi 6.

Katika usingizi mzito mwili hutengeneza palipochakaa, na watoto hupata sehemu kubwa ya homoni ya kukua. Katika usingizi huo, na katika ndoto pia, ubongo hupanga na kuhifadhi yale uliyojifunza mchana. Ndiyo maana mwanafunzi anayekesha usiku kucha kabla ya mtihani hujidhulumu mwenyewe.

Wataalamu wanashauri mtu mzima apate usingizi usiopungua saa 7, kijana wa sekondari saa 8 hadi 10, na mtoto wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Hata hivyo usihesabu saa tu. Jiulize: je, mchana nakuwa macho na nafanya kazi yangu bila kusinzia? Kama ndivyo, huna ugonjwa.

Tena si kila kuamka usiku ni ugonjwa. Watafiti waliwachunguza Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, hapa hapa nchini, na mwaka 2017 walieleza kuwa katika siku 20 za kuwafuatilia watu wazima 33, dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Karibu daima alikuwapo mtu aliye macho au mwenye usingizi mwepesi, na umri ulikuwa sababu mojawapo ya tofauti hiyo. Basi kama babu au bibi nyumbani kwako huamka saa 10 alfajiri akaanza kukohoa na kutafuta redio, usimwone mgonjwa. Wazee hulala mapema, huamka mapema, na usingizi wao ni mwepesi.

MUSOMA: SAA ILIYO NDANI YA MWILI

Kila binadamu ana saa ndani ya mwili wake. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe za mwili. Hurekebishwa hasa na nuru iingiayo machoni. Giza likiingia ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayoutangazia mwili kuwa usiku umefika. Nuru kali ikipiga macho, tangazo hilo hufutwa.

Mtazame sasa mvuvi wa dagaa. Kazi yake ni ya usiku wa giza, kwa kuwa dagaa hufuata taa. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai. Siku hizi mitumbwi mingi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua, zenye mwanga mweupe mkali. Hivyo mvuvi huukodolea macho mwanga wakati mwili wake unasubiri giza, kisha hurudi pwani jua linapochomoza na kutafuta usingizi wakati mwili wake unasubiri kazi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haivuti dagaa vizuri, naye hupumzika siku kadhaa na kulala usiku kama watu wengine. Mwezi ukififia huanza upya. Kila mwezi saa yake ya mwili hugeuzwa juu chini, sawasawa na mfanyakazi wa kiwandani, muuguzi au mlinzi anayebadilishiwa zamu.

Matokeo ya maisha hayo ni usingizi wa mchana ulio mfupi na mwepesi, tumbo lisilotulia, hasira za bure nyumbani, na kusinzia mahali pa hatari. Kwa mvuvi, mahali hapo ni ukingo wa mtumbwi. Kwa muda mrefu madhara ni makubwa zaidi: mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo ambayo yaelekea huchangia saratani, na mwaka 2019 ikathibitisha msimamo huo.

Mfanyakazi wa usiku afanye nini? Akirudi asubuhi, ajikinge na jua kali njiani, kwa kofia au miwani myeusi. Chumba chake kitiwe giza kwa pazia zito au kanga mbili. Alale saa zile zile kila siku, na jamaa wauheshimu usingizi wake wa mchana kama wanavyouheshimu wa usiku: redio ipunguzwe, watoto wacheze mbali, wageni waambiwe warudi alasiri. Mvuvi aliye katika siku za mbalamwezi asijigeuze ghafla. Achelewe kidogo kulala na achelewe kidogo kuamka, ili kurudi kazini kusiwe vita.

Mfanyakazi wa kuajiriwa azifahamu pia haki zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuwa ni baina ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri, na inataka kila saa ya usiku ilipiwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo baina ya siku moja ya kazi na nyingine, na ya saa 24 kila juma. Inakataza mama mjamzito kufanyishwa kazi usiku katika miezi miwili kabla ya kujifungua. Na mfanyakazi mwenye cheti cha daktari kwamba afya yake haihimili kazi ya usiku anastahili kuhamishiwa zamu ya mchana inapowezekana. Mapumziko, kama mshahara, ni haki ya mfanyakazi.

BUNDA: KUKOROMA NA USUKANI

Bunda ni mji wa barabara, na barabarani usingizi una bei yake. Utafiti uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu mwenye kileo cha 0.05 kwa mia katika damu. Dereva aliyeamka saa 11 alfajiri, akawa bado ameshika usukani saa 4 usiku, amefika hapo bila kuonja pombe. Baada ya mabasi ya abiria kuruhusiwa tena mwaka 2023 kusafiri usiku, jambo lililokuwa limekatazwa kwa karibu miaka 30, kila abiria ana sababu ya kulijali jambo hili. Saa za hatari kubwa ni kuanzia saa 8 usiku hadi alfajiri, na tena alasiri baada ya chakula. Kufungua dirisha na kuongeza muziki hakuondoi usingizi. Dereva anayesinzia na aegeshe gari mahali salama, alale dakika 20, ndipo aendelee.

Lakini wako madereva, na watu wa kazi nyingine, wanaolala saa 8 kamili na bado wanasinzia mchana. Hapo mwulize mke wa mtu huyo. Akisema, “Anakoroma kwa nguvu, kisha ananyamaza kabisa kama aliyekufa, halafu anashtuka na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini,” basi amekwisha kueleza ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo na ulimi hulegea, njia ya hewa ikaziba kwa sekunde 10 au zaidi, na ubongo ukalazimika kumwamsha mtu ili asife. Jambo hilo laweza kutokea mara nyingi kwa saa moja, na mwenyewe asikumbuke hata mara moja.

Dalili nyingine ni kuamka na kichwa kizito, kinywa kikavu, na kwenda haja ndogo mara nyingi usiku. Ugonjwa huu huwashika hasa watu wanene na wenye shingo pana, ingawa hata mwembamba aweza kuupata. Huandamana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Kupunguza uzito, kulala ubavu badala ya chali, na kuacha pombe jioni husaidia. Kwa wenye hali kubwa kuna mashine inayosukuma hewa kwa kifuniko cha pua, ambayo Colin Sullivan wa Australia aliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Mtu wa namna hii akipewa kidonge cha usingizi, misuli ya koo hulegea zaidi na ubongo huchelewa kumwamsha. Hapo ndipo kidonge kinapoweza kuwa sumu.

Liko tatizo jingine ambalo watu wa Bunda na vijiji vilivyopakana na Serengeti wanapaswa kulikumbuka daima, nalo ni malale. Huletwa na vimelea vinavyoenezwa na mbung’o, na aina iliyopo kwetu huishi pia katika wanyama wa porini na mifugo. Mwaka 2001 hata watalii waliozuru hifadhi zetu za kaskazini walirudi kwao nao. Mwanzo wake ni kidonda palipoumwa, homa na maumivu ya kichwa, na ni rahisi kuudhania malaria. Baadaye vimelea huingia katika ubongo, na usiku na mchana wa mgonjwa hubadilishana mahali: husinzia mchana hata akila, na usiku hukaa macho. Jamaa humwita mvivu, au husema amerogwa. Asipotibiwa hufa, pengine kwa muda wa miezi michache tu. Dawa ipo, na tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani limependekeza vidonge vya fexinidazole kwa aina hii ya malale. Mtu aliyeingia porini, akapata homa isiyosikia dawa ya malaria, na apimwe damu haraka akimweleza mganga wa zahanati kuwa aliumwa na mbung’o.

BUTIAMA: MAWAZO, JINAMIZI NA WATOTO

Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ndiye aliyekuwa fikra yake kuu, lilieleza kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Toa saa hizo katika 24, kisha toa za kula, za kuoga na za kumnyonyesha mtoto, uone kinachobaki. Na mama wa mjini anayetoka kazini saa 11 jioni akaanza kazi ya pili jikoni hana nafuu kubwa. Dawa ya kwanza ya usingizi wa mama katika nyumba nyingi haiuzwi dukani: ni baba na watoto wakubwa kushika kazi za jioni.

Wako hata hivyo wanaopata nafasi ya kulala lakini usingizi wenyewe hauji. Mtu akikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa juma, kwa muda wa miezi 3, na mchana akaathirika, huo ni ugonjwa kamili. Mara nyingi ulianza kwa sababu ya kweli, kama msiba, deni au mtoto mgonjwa. Sababu ikapita, lakini mwili ukawa umejifunza kuwa kitanda ni mahali pa kuhangaika. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilipendekeza kuwa tiba ya kwanza iwe kubadili mwenendo na mawazo kuhusu usingizi, kabla ya vidonge. Mwenendo huo nitaueleza hivi punde.

Mama mjamzito anayesumbuliwa na miguu isiyotulia, anayetaka kuichezesha kila anapojilaza, na aende kliniki. Mara nyingi kuna upungufu wa madini ya chuma, nao hutibika.

Nije sasa kwenye jinamizi. Mtu huamka, huona chumba chake, lakini hawezi kunyanyua hata kidole. Huhisi uzito kifuani na huhisi mtu amesimama karibu au amemkalia. Maelezo yake ni haya: wakati wa ndoto ubongo huifunga misuli ili mtu asitende anayoyaota. Pengine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto huendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Hali hiyo hupita kwa sekunde au dakika chache, wala haiui. Huwapata zaidi waliokosa usingizi, wenye zamu zinazobadilika, na wanaolala chali. Jambo hili liko duniani kote. Hata Newfoundland, nchini Kanada, wenyeji waliliita kwa jina la ajuza, wakiamini kikongwe amewakalia.

Nalieleza kwa kirefu kwa sababu katika kanda yetu ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mtu aliyekabwa usiku akitaja asubuhi jina la bibi wa jirani, anaweza kuwa amewasha moto asioweza kuuzima. Tafadhali, msomaji, ukimsikia mtu akisimulia hivyo, mweleze ukweli, na umshauri alale vya kutosha na alale kwa ubavu.

Na watoto je? Mtoto wa miaka 5 anayekojoa kitandani hana ukaidi. Kibofu na ubongo wake havijaelewana. Fimbo na aibu huzidisha tatizo. Mpunguzie vinywaji jioni, mpeleke haja kabla ya kulala, na msifu akiamka mkavu. Aliyekwisha kuacha kwa miezi mingi akaanza tena apelekwe hospitali, maana yawezekana ana maradhi ya njia ya mkojo au kisukari, au kuna jambo linalomtisha. Anayetembea usingizini asitikiswe. Mwongoze taratibu kitandani, na ufunge mlango wa nje.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, na upate jua la asubuhi. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20 au 30, isipokuwa kwa mfanyakazi wa usiku. Chai ya rangi, kahawa na soda za kuongeza nguvu uziache baada ya adhuhuri, kwa kuwa saa 5 baada ya kuzinywa nusu ya kafeini ingali mwilini. Pombe humlaza mtu upesi, kisha huuvunja usingizi wake kuanzia usiku wa manane.

Simu na televisheni vizimwe saa moja kabla ya kulala. Mawazo ya madeni yaandike katika daftari jioni, pamoja na hatua utakayochukua kesho, kisha ulifunge. Ingia kitandani unaposikia usingizi tu. Kama dakika 20 zimepita huna hata lepe, inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu, urudi usingizi ukija. Usitazame saa. Na chandarua kiwepo kila usiku, maana hata mbu mmoja sikioni huharibu usiku, na malaria huharibu juma zima.

Vidonge visinunuliwe kwa kuambiwa na jirani. Diazepamu humzoesha mtu, na kuiacha ghafla baada ya kuitumia muda mrefu ni hatari. Piritoni ni dawa ya mzio, na usingizi wake huendelea asubuhi mtu akiwa kwenye mashine au usukani.

Nenda kwa mganga bila kungoja ukiona mojawapo ya haya: kukatika pumzi usingizini, kusinzia mchana hali umelala vya kutosha, homa pamoja na usiku na mchana kugeuzana, au huzuni nzito na mawazo ya kutaka kujidhuru. Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wao watakuelekeza hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, na ikibidi Bugando. Kabla ya kwenda, andika kwa juma mbili saa unazolala, unazoamka na unachokunywa, na uende na yule mnayelala chumba kimoja. Yeye ndiye shahidi wa usiku wako, na ushahidi wake mara nyingi humwonyesha mganga pa kuanzia.